Rangi Chini ya Nati

Mliponiaga mwezi uliopita mlisema mengi mazuri, na mengine sikuyatambua kuwa yangu. Mlisema pia, kwa kicheko, kwamba sasa gereji itapumua kwa kuwa Mzee Maili Kumi ameenda nyumbani. Najua mmeniita hivyo miaka mingi nikiwapa mgongo. Mnafikiri ni ukali wa uzee tu, kwamba kila gari lililofunguliwa gurudumu lazima litembee maili kumi, lirudi, nati zikazwe tena, hata kama mwenye gari ana haraka ya kwenda kuoa. Mmeniomba niwaandikie jinsi kazi ilivyokuwa zamani. Nitaandika, ila sitasema nilipanda cheo lini wala nililipwa nini, maana hayo hayakazi nati. Nitawaambia jina hilo lilitoka wapi, na sitajipendelea.

Niliingia gerejini katika miaka ya hamsini nikiwa na miaka kumi na tisa, viatu vya kuazima, na barua ya mchungaji iliyosema mimi ni mtu wa kuaminika. Gereji ilikuwa jengo la mabati hapa hapa Nakuru, karibu na reli, na treni ikipita tulinyamaza wote mpaka iishe. Fundi mkuu alikuwa Kalasinga mmoja mrefu aliyeitwa Kartar. Sisi tulimwita Mistri, yaani fundi kwa lugha yao. Kiswahili chake alikiokota katika stesheni za reli, kimoja huku kingine kule, lakini hakuna siku ambayo sikumwelewa.

Siku ya kwanza nilitarajia kuonyeshwa injini. Mistri alinipa ndoo ya nati. Zilikuwa mia kadhaa, za kila aina ya gari lililowahi kufia katika uwanja ule, na kazi yangu ilikuwa kuzitenga kwa kuzipapasa. Nilikaa na ndoo ile wiki mbili. Vidole vilichubuka, nikaanza kuota nati, na nilikuwa karibu kurudi kwa mchungaji kumwambia barua yake imepotea bure. Siku moja Mistri alinipa nati nikiwa nimefumba macho, nikamwambia ni ya gari gani na kwamba meno yake yameliwa upande mmoja. Hakunisifu. Alisukuma ndoo pembeni kwa mguu na kunikabidhi spana ya magurudumu.

"Kidole kwanza," akaniambia. "Spana nyuma. Kama nati nakataa kidole, wewe uliza yeye kwa nini."

Hiyo ndiyo shule yote niliyosoma. Nati ya gurudumu, kama mjuavyo au kama mngepaswa kujua, ina upande mmoja uliochongoka, na upande huo huingia katika tundu la rimu na kukaa pale kama yai katika kikombe chake. Unaanza zote kwa vidole. Unakaza kidogo gari likiwa juu ya jeki, ukiruka kutoka hii kwenda ile inayoielekea, usizunguke kama mtu anayecheza ngoma. Unashusha gari, unamalizia. Usipande juu ya spana kwa miguu, maana bolti ni chuma, na chuma nacho huchoka. Baada ya maili kumi unakaza tena, kwa sababu gurudumu likishatembea hujitafutia mahali pake pa kukaa, na nati uliyoiacha imebana jana, leo imelegea.

Kesi ya kwanza iliyonifundisha kwa maumivu ilikuwa lori moja lililobeba ule udongo mweupe wa Kariandusi. Dereva wake alikuwa mweupe kuanzia kope mpaka soksi. Nati za lori hilo zililegea kila wiki, na kila wiki nilizikaza kwa nguvu zaidi, mpaka nikakata bolti moja. Mistri alikuja, akatoa gurudumu, akapitisha kidole katika lile tundu la rimu na kunionyesha. Kidole kilikuwa kimejaa unga. Nati ilikuwa imekaza udongo badala ya chuma. Tangu siku hiyo nilijua, kama ninavyojua jina langu, kwamba kati ya nati na rimu hapakai kitu. Si vumbi, si grisi, si kutu, si rangi. Nasisitiza kwamba nilijua, ili msije mkafika mbele mkanitafutia udhuru.

Sasa nije kwa Zakaria. Tuliishi chumba kimoja mtaani Bondeni, yeye fundi wa mbao, mimi wa gereji. Alikuwa mfupi, mwenye maneno mengi, na mkono wake wa kulia ulikuwa na akili kuliko watu wengi ninaowajua. Angeweza kuchonga kiungo cha mbao kisichohitaji msumari, kisha akakuambia ukitafute kwa ukucha, na usikipate. Mkewe, Rebeka, alikuwa kwa wazazi wa Zakaria, katika shamba la mzungu kule Kabazi ambako mzee wake alikuwa mfanyakazi. Zakaria alikuwa na wazo moja lililomnyima raha: kuunda gari.

Kipande kwa kipande tukaanza. Mzungu wa Kabazi alikuwa na pikapu iliyoanguka korongoni, akamwachia Zakaria chesisi na ekseli ya nyuma kwa kazi ya milango aliyomfanyia. Injini tuliipata katika uwanja wetu, na Mistri alituruhusu baada ya kuizunguka mara tatu akitikisa kichwa. Bodi Zakaria aliifanya kwa mbao za podo, kila ubao ukishikana na mwenzake kwa viungo vyake vile. Kazi ilichukua karibu miaka miwili ya Jumamosi mchana, nyuma ya gereji. Mimi nilikuwa chini, yeye juu, tukibishana. Sijawahi kuwa na furaha ya kazi kama ile, na nimefanya kazi miaka zaidi ya thelathini baada yake.

Habari zikafika Kabazi. Baba yake alicheka mpaka akakohoa, akatuma neno kwa mtu aliyekuwa akija mjini: "Mwambieni Zakaria gari hutoka kwa meli. Kitu inatoka kwa mbao ni kabati." Neno hilo likafika Bondeni kabla ya mwenyewe kulisikia. Tangu hapo tukawa watu wa kabati. Tukipita dukani wanauliza, "Kabati mnahamisha lini?" Wengine walitaka kujua kama lina kufuli, na kama nguo zitakunjwa au zitaning'inizwa. Zakaria alicheka nao, lakini nililala chumba kimoja naye, najua halikumchekesha. Aliapa kwangu kwamba siku gari litakapotoka litakwenda mpaka mlangoni kwa baba yake bila kusimama njiani hata mara moja. "Likisimama tu, hata kama ni kunywa maji," akasema, "watasema kabati imekwama." Mimi nikacheka na kukubali. Na mimi lile jina lilikuwa limeniingia.

Wiki ya mwisho alipata rangi ya kijani iliyobaki kwenye kupaka mageti ya shamba, rangi nzito kama uji. Alipaka bodi, ikapendeza. Kisha, nikiwa kazini, akapaka na magurudumu, mara mbili, kwa upendo wote, ndani na nje, mpaka katika matundu ya nati. Jumamosi nilipokuja kuyafunga nikayakuta yanang'aa, yamepangwa ukutani. Nikachukua kisu na brashi ya waya nianze kukwaruza matundu. Zakaria akanishika mkono.

"Elija, tafadhali. Usinikwaruzie hii rangi."

"Rangi haiwezi kukaa chini ya nati. Itapondeka, nati ilegee."

"Si utaikaza tena? Kesho mzee anaona gari. Aone gari mzima, asione makovu. Jumatatu ukwaruze mpaka ufike China."

"Mistri akiona hii atanirudisha kwa ile ndoo."

"Mistri kesho haendi Kabazi."

Nilisimama na kile kisu mkononi. Ningeweza kukwaruza mahali pa nati tu, matundu matano kwa gurudumu, na hakuna mtu angeona kitu nati zikishakaa juu yake. Ningemweleza, angeelewa. Lakini gurudumu lile la kijani lilikuwa zuri, na mimi pia nilitaka baba yake alione. Nikaweka kisu chini. Nilikaza nati juu ya rangi, nikajiambia, sawa, maili kumi zitaangukia Bahati, tutasimama hapo, nitakaza tena, mambo yatakuwa mazuri. Nikaiweka spana chini ya kiti changu ili nisisahau.

Sikusahau. Hilo ndilo ninalotaka mlielewe.

Jumapili asubuhi tuliondoka watatu. Zakaria aliendesha, kwa kuwa alikuwa na leseni kutokana na kuendesha trekta. Mimi nilikaa kushoto kwake, na nyuma alikaa Rebeka, aliyekuja mjini kwa ajili ya safari hiyo tu. Hali ya Hatari ya serikali ya kikoloni ilikuwa bado haijaisha na tulikuwa na karatasi zetu za ruhusa mfukoni. Askari wa kwanza aliyetusimamisha, pale pale mwanzo wa mji, alisahau kuzisoma, akabaki kugonga mbao na kuuliza ni nani aliyeziunganisha. Zakaria alijaa kifua. Gari lilipanda vizuri. Barabara ilikuwa ya udongo wa murramu yenye mawimbi yanayotikisa meno, lakini bodi haikulia hata ubao mmoja.

Tulipokaribia Bahati nikasikia. Ilitoka nyuma upande wa kulia, ikapanda kwa mbao za sakafu mpaka kwenye nyayo zangu: tak, kisha kimya, kisha tak. Nilijua ni nini kabla ya mara ya tatu. Mkono wangu ukashuka chini ya kiti ukaishika spana.

Na hapo hapo tukaingia katikati ya watu. Kanisa lilikuwa limetoka. Walikuwa pande zote mbili za barabara, akina mama wamevaa vitambaa vyeupe, wazee na kofia zao mkononi, na wote waligeuka. Mtu mmoja akapaza sauti, "Hiyo ni gari ya mbao!" Mwingine akauliza, "Nani ametengeneza?" Zakaria akatoa kichwa dirishani: "Ni sisi!" Mama mmoja akapiga kigelegele. Watoto wakatukimbilia.

Nilisema moyoni, tukisimama hapa, nikishuka na spana, nikipiga magoti mbele ya watu hawa wote, kesho Bondeni watajua kabati limekwama. Nikasema, tuwapite watu hawa kwanza. Tukawapita. Lakini baada yao kulikuwa na wengine waliotangulia kwenda nyumbani, wakageuka nao, wakapunga mikono. Nikasema, tuwapite na hawa. Zakaria alikuwa ameacha kuongea, ameshika usukani kwa mikono miwili, na mimi nilidhani ni fahari imemjaa. Sauti ilikuwa haikomi tena. Nikajiambia, ile kona ya mbele, pale hakuna mtu.

Ile kona ya mbele ndipo mteremko wa kwenda Subukia unapoanza. Nilifungua kinywa kusema "Simama," na nililisema, lakini gurudumu lilikuwa limeshatoka. Nililiona likitupita, la kijani, limesimama wima, kama lina safari yake. Gari likaanguka upande wa kulia, likaburuta na kulala ukingoni. Mkono wa Zakaria ulikuwa umetoka dirishani kujizuia, kama afanyavyo mtu yeyote anapoanguka.

Rebeka alitoka na michubuko. Mimi sikuumia popote. Mkono wa Zakaria walimkata chini kidogo ya kiwiko, hospitalini Nakuru, Jumatatu, siku ambayo nilipaswa kukwaruza rangi.

Askari walipomuuliza, alisema, "Nilikuwa naenda mbio. Makosa ni yangu." Hakuwa akienda mbio. Nilisimama pembeni ya kitanda nikamsikia akisema hivyo, na nikadhani anasema uongo ili kunilinda nisifukuzwe kazi. Sikumsahihisha. Baba yake alikuja, akakaa miguuni pa kitanda mchana mzima, na neno kabati halikutoka kinywani mwake tena.

Mistri alikwenda mwenyewe kulivuta gari. Lilipofika gerejini aliliweka lile gurudumu mezani, akaniita. Katika kila tundu palikuwa na rangi iliyopondwa na kusukumwa pembeni, na katikati yake chuma kimesuguliwa kiking'aa. Alipitisha kidole, akanionyesha, kama alivyonionyesha ule unga mweupe. Nilingoja anitukane. Ningependa anitukane.

"Wewe ambia yeye," akasema. "Leo. Kesho iko ngumu. Mwaka kesho hapana wezekana."

Nilikwenda hospitalini mara mbili na machungwa. Niliongea habari za mvua, za mchungaji, za mtu wa Bondeni aliyeoa. Zakaria alinitazama sana, kama mtu anayesubiri. Mimi nilitazama machungwa. Kisha wakamruhusu, akarudi Kabazi, na nikajiambia nitakwenda Pasaka. Pasaka ilipita. Uhuru ulikuja, nikasikia amepata shamba lake kule kule. Niliwatuma watu salamu, nao walinirudishia salamu. Baadaye hata salamu zilikwisha. Mistri alihama, sikumwona tena, na hakuwahi kuniuliza kama nilifanya alivyoniambia, maana alikuwa akiniona kila siku na aliweza kuusoma uso wangu.

Kilichobaki ni kile mlichokiita ukali. Nilimfukuza mtu mmoja kwa kupaka rimu rangi bila kukwaruza matundu, na wengi wenu mlisema nimechanganyikiwa. Nimewarudisha barabarani madereva waliokuwa na matanga, na mikutano, na wake wanaojifungua. Kila nati niliyokaza mara ya pili nilikuwa nikiikaza Bahati, mbele ya wale watu. Haikusaidia kitu, lakini hakuna gurudumu lingine lililotoka.

Wiki mbili baada ya ninyi kuniaga nilikwenda Kabazi. Sikuwa na kazi tena ya kusingizia. Nilimkuta Zakaria akiwapa ng'ombe majani kwa mkono wa kushoto, kichwa kimekuwa cheupe. Alinitambua mara moja. Rebeka alileta chai, akaketi nasi, hakuondoka. Nikasema yote nikiwa bado nimeshika kikombe: rangi, kisu nilichokiweka chini, ile sauti, watu wa kanisa, spana mkononi. Nilimwambia nilisikia zaidi ya maili nzima na nikanyamaza.

Zakaria alimtazama Rebeka, kisha akanitazama.

"Elija, siku hiyo nani alishika usukani?"

"Ni wewe."

"Sasa wewe ulisikia kwa miguu, halafu mimi nisisikie kwa mikono? Gari ilianza kutetemeka kabla hatujafika kanisa. Nikaona wale watu. Nikasema, wacha tupite."

Niliweka kikombe chini, naye akaendelea.

"Nilimwambia askari makosa ni yangu kwa sababu ilikuwa yangu. Karibu niue bibi yangu na wewe juu ya jina ya kabati. Halafu ukaja hospitali, huwezi kuniangalia kwa macho. Nikasema, Elija amejua. Amekasirika, na ana haki. Nikangoja uniambie. Ukaacha kuja, nikasema basi, amekata urafiki."

"Ameuliza kila mtu anatoka Nakuru," Rebeka akasema. Hakuisema kwa upole. "Miaka yote. Kama uko hai, kama bado uko gereji. Halafu anawaambia wasikuambie ameuliza."

Nililia, na sioni sababu ya kuwaficha. Sikulilia mkono. Mkono nimeulilia miaka yote, nimeuzoea. Nililia kwa sababu kutoka gerejini kwetu mpaka kwake ni safari ya asubuhi moja, na kila gari lililopita mikononi mwangu lingeweza kunifikisha.

Nilikaa kwao siku mbili. Siku ya kuondoka alinisindikiza mpaka barabarani, akitembea polepole kwa ajili ya mgongo wangu. Aliniambia mbao za podo zilikaa nyuma ya nyumba yake miaka mingi, amezifunika, kisha mchwa wakazimaliza. Nilimuuliza alikuwa amezitunzia nini.

"Ungekuja, tungeunda ingine," akasema. "Mimi nilikuwa na mkono moja, wewe ulikuwa na mbili. Tatu zingetosha."